Somo: Laptopu inakwama ukihariri video? Jua kinachokwama kabla hujafungua pochi

Kila mkopo wa wanafunzi wa HELB unapoingia, simu yangu hujaa swali moja kwa sura tofauti: "Laptopu yangu inaganda nikihariri video, ninunue nyingine?" Wengi wanaouliza tayari wamepita dukani, na muuzaji amewaambia ndiyo, nunua. Sina ugomvi na muuzaji, hiyo ndiyo kazi yake. Lakini wewe ni mwanafunzi, pesa hizo zina kodi ya chumba, chakula na nauli ndani yake, na mara nyingi laptopu uliyo nayo inahitaji kitu kimoja tu, pengine hata kisicho cha kununua.

Laptopu haikwami yote kwa pamoja. Kinachokwama ni kiungo kimoja, na vingine vinakisubiri. Kununua prosesa kubwa huku diski ni ile ya zamani ni kama kupanua barabara ya kuingia Likoni na kuacha feri moja ivushe watu wote. Kwa hiyo somo hili sehemu kubwa ni kutafuta kilipo kizuizi. Ukishakijua, uamuzi wa kununua au kutonunua huwa rahisi.

Hatua ya kwanza: andika kazi yako

Anayehariri kazi ya darasa ya dakika tano na anayerekodi arusi kila wikendi ili alipe ada hawahitaji mashine moja. Chukua karatasi, andika: unarekodi kwa simu au kamera gani, kwa ukubwa gani wa picha, video ya mwisho ina urefu gani, na itatazamwa wapi. Kama inaenda kwa simu za watu kupitia WhatsApp na TikTok, 1080 inakutosha kabisa. Fremu moja ya 4K ina pikseli 8,294,400. Ya 1080 ina 2,073,600. Yaani mara nne ya kazi, kwa kila fremu, ili mtu aitazame kwenye kioo cha inchi sita akiwa ndani ya matatu. Sikukatazi kurekodi 4K, lakini iwe na sababu.

Hatua ya pili: soma namba wakati inakwama

Hapa ndipo penye somo lenyewe, kwa hiyo usipakimbilie.

Fungua mradi unaokutesa, ule halisi, si wa majaribio. Chomeka chaja, kwa sababu laptopu nyingi hujipunguzia nguvu zikiwa kwenye betri. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Windows itakufungulia dirisha. Nenda ukurasa ulioandikwa "Performance". Lisogeze dirisha hilo kando, rudi kwenye programu ya kuhariri, cheza sehemu inayokatakata kwa dakika kumi hivi huku jicho moja liko kwenye ile michoro.

Anza na Disk. Ikisimama asilimia 100 huku CPU, yaani prosesa, iko 30 au 40, umekutana na diski ya sahani, ile inayozunguka ndani. Diski nyingi za laptopu za aina hiyo huzunguka mara 5,400 kwa dakika na husoma kama megabaiti 100 kwa sekunde, tena hapo imepewa faili moja na kuachwa isome kwa raha. Ukiipangia klipu tatu, muziki na picha za maandishi kwa wakati mmoja, kichwa cha kusomea kinarukaruka huku na huko na kasi inaporomoka. SSD, yaani diski ya chipu isiyo na sahani, hufika kama 500 ikiunganishwa kwa njia ya SATA, na ile ya njia ya NVMe hupita 2,000 bila shida, na zote mbili hazina kichwa cha kurukaruka.

Ukitoka hapo tazama Memory. Kiasi kinachotumika kikipita asilimia 90 na diski nayo ikaanza kuhangaika bila wewe kuigusa, RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi, imekwisha na Windows inaazima nafasi kwenye diski. Hapo hata kuhamisha kipanya kunakuwa kazi. Adobe wenyewe wanasema programu yao ya kuhariri, Premiere Pro, inahitaji angalau GB 8, na wanapendekeza 16 kwa video za HD na 32 kwa 4K. Kwa 1080 na programu nyepesi, 8 inabebeka ukifunga kivinjari. Na ukifunge kweli, maana Chrome yenye kurasa ishirini inakula RAM kuliko mradi wako. Ukurasa huohuo wa Memory una mstari ulioandikwa "Slots used". Uandike pembeni, tutauhitaji.

CPU ndiyo inayowapotosha wengi. Ikikaa 100 muda wote video inapocheza, usiseme mara moja kwamba prosesa ni dhaifu. Nenda GPU, yaani sehemu ya picha, tafuta mchoro ulioandikwa "Video Decode". Kama mstari wake umelala sifuri, maana yake prosesa inaifungua video peke yake, bila msaada, wakati ndani ya chipu nyingi za Intel tangu 2011 kuna sehemu maalum ya kazi hiyo inayoitwa Quick Sync. Tatizo ni kwamba sehemu hiyo haifungui kila aina ya faili. HEVC, ambayo pia huitwa H.265 na ndiyo simu nyingi mpya hurekodi, ilianza kufunguliwa vizuri kizazi cha 6 cha Intel. HEVC ya biti 10, yenye rangi nyingi zaidi, ikaja kizazi cha 7. Ile ya biti 10 yenye 4:2:2, yaani inayohifadhi taarifa zaidi za rangi na hutoka kwenye kamera nyingi za kisasa, mpaka kizazi cha 10 au 11, kutegemea chipu. Sasa chukua iPhone 12, ambayo hurekodi HDR ya biti 10, leta klipu zake kwenye laptopu ya kizazi cha 6, na utaona prosesa ikitoka jasho kwa video ya sekunde ishirini. Mwenye laptopu atalaumu RAM, fundi atalaumu Windows, na kosa ni la faili.

Mwisho tazama kasi ya CPU. Chini ya mchoro kuna "Speed" na kuna "Base speed". Ikiwa dakika mbili za mwanzo kasi ilikuwa juu, kisha ikaanguka chini ya ile ya msingi na feni inalia, hilo ni joto, na kwa hali ya hewa yetu ya Februari na Machi ni ugonjwa wa kawaida sana.

Kama namba zote zimetulia na video bado inakatakata, angalia umeweka wapi faili. Nimeona watu wanahariri moja kwa moja kutoka kwenye flashi.

Hatua ya tatu: tiba za bure

Kwanza simu. Kwenye iPhone, nenda mipangilio ya kamera, sehemu ya Formats, uchague "Most Compatible", na uzime HDR kwenye sehemu ya kurekodi video. Itarekodi H.264, aina nyingine ya faili ya video ambayo karibu kila laptopu inaifungua kwa ulaini. Bei yake ni nafasi: dakika moja ya 1080 kwa fremu 30 inachukua kama megabaiti 130 badala ya 60. Kwa 4K ni 350 badala ya 170, na hapo saa moja ya arusi ni GB 21. Simu nyingi za Android nazo zina mahali pa kuchagua H.264 kwenye mipangilio ya kamera, ingawa kila kampuni imepaficha pake.

Pili, proksi. Hii ningependa kila mwanafunzi aijue kabla ya kujua bei ya RAM. Programu inakutengenezea nakala ndogo na nyepesi ya kila klipu, unakata na kupanga kwa kutumia nakala hizo, na wakati wa kutoa video ya mwisho inarudi yenyewe kwenye faili za asili. Ubora haupotei. DaVinci Resolve inakuwezesha kubofya kulia kwenye klipu na kuchagua kutengeneza proksi. Premiere vivyo hivyo. Kdenlive na Shotcut, ambazo ni bure na hazina makuu, zina kitufe cha kuwasha proksi kwenye mipangilio. Zitengeneze ukienda kula. Ukirudi, laptopu uliyotaka kuiuza inakimbia.

Tatu, punguza ubora wa kuonyesha kwenye dirisha la kutazamia, nusu au robo. Hilo haligusi video ya mwisho.

Fanya mradi mmoja mzima namna hiyo. Si dakika tano za kujaribu, mradi mzima. Kama umemaliza bila kutukana, huhitaji kununua chochote muhula huu.

Hatua ya nne: je, inafungulika?

Bado inakwama, na namba zimekuonyesha ni RAM au diski? Sawa. Kabla ya kwenda mjini, hakikisha laptopu yako inakubali kuongezwa. Laptopu za ofisi za mtumba, hizi za ex-UK zilizojaa Mombasa nzima, nyingi zinafungulika vizuri, lakini si zote. ThinkPad T480 ina nafasi mbili za RAM. T480s, ambayo ukiitazama kwa mbali ni pacha wake, RAM moja imechomelewa kwenye bodi na imebaki nafasi moja. X1 Carbon imechomelewa yote. EliteBook 840 G5 ina nafasi mbili. MacBook za chipu ya M1 na kuendelea haziongezwi RAM wala diski. Ulichonunua ndicho utakachozeeka nacho.

Ule mstari wa "Slots used" unakupa jibu la haraka. Ukisema 1 of 2, una nafasi ya bure. Ukisema 2 of 2, itabidi utoe iliyopo na kuweka kubwa zaidi. Baadhi ya laptopu zenye RAM ya kuchomelewa hujihesabia nafasi ambazo hazipo, kwa hiyo bado mwambie fundi afungue kifuniko cha chini utazame kwa macho yako. Ni skrubu chache.

RAM ikishakuwa mkononi soma kibandiko chake. Kikiwa na PC3L ni RAM ya aina ya DDR3L, kikiwa na PC4 ni DDR4. Kato la chini haliko mahali pamoja, kwa hiyo moja haiingii kwenye nafasi ya nyingine. Nenda dukani na ile ya zamani mfukoni, usiende na maelezo ya mdomo.

Na kwa diski: nafasi ya M.2, ile ya SSD zenye umbo la kadi ndogo, haimaanishi lazima inakubali NVMe. Laptopu za miaka ya nyuma zipo zinazokubali M.2 ya SATA pekee. Tafuta namba kamili ya modeli, usome karatasi ya mtengenezaji.

Hatua ya tano: mpangilio wa kutumia pesa

Kama bado una diski ya sahani, SSD kwanza. Sitabishana na mtu hapa. Mashine itawaka haraka, programu itafunguka haraka, hata RAM ikikwisha maumivu yatapungua kwa sababu ile nafasi ya kuazima iko kwenye diski yenye kasi.

Baada ya hapo RAM. Lenga GB 16, na kama nafasi ni mbili, weka mbili za 8 badala ya moja ya 16. Laptopu nyingi za wanafunzi hazina kadi ya picha yake yenyewe. Ile ya ndani ya Intel inaazima RAM ya mashine, na vipande viwili vikifanya kazi pamoja vinaipa njia pana zaidi. Habari mbaya ni kwamba tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda duniani kote, kwa kuwa viwanda vimeelekeza chipu zao kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Ukisikia bei ya dukani ikakushtua, si lazima muuzaji awe anakuonea. Zunguka maduka matatu manne pale Moi Avenue na Digo Road, ulizia na za mtumba, nyingi ni nzima.

Prosesa haibadilishwi. Kwenye laptopu za aina hii imechomelewa. Anayekuambia atakubadilishia i5 kuwa i7 anakuuzia laptopu nyingine kwa maneno ya upole.

Kanuni yangu mimi, wala si sheria: nyongeza zote zikizidi nusu ya bei ambayo laptopu yako ingeuzwa leo, simama ufikirie upya.

Hatua ya sita: lini kubadilisha mashine

Nakubali mtu anunue nyingine katika hali tatu. RAM imechomelewa na iko 4. Au prosesa ina viini (core) viwili tu na unapata kazi za kulipwa zenye kamera mbili tatu, hapo proksi zitakusaidia kukata lakini kutoa video kutakula usiku mzima. Au mashine ni ya kabla ya kizazi cha 8: Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka kizazi cha 8 kwenda juu. Kizazi hicho cha 8, kilichotoka 2017, ndicho pia Intel waliongeza viini vya laptopu nyembamba kutoka viwili hadi vinne. Kwa mwanafunzi, huo ndio mstari wangu: chini yake usinunue, hata ukipewa kwa bei ya kutupa.

Unapoenda kununua, beba flashi yenye klipu yako nzito kuliko zote na programu ya Shotcut. Mwombe muuzaji umwekee mezani, nakili klipu kwenye diski ya laptopu ile, fungua na zile namba za hatua ya pili, ucheze dakika kumi. Usiishie kutazama kioo na kibodi. Dakika kumi zinatosha kujua kama feni imeziba, kama chaja inachaji, kama RAM ni ile iliyoandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa juu. Muuzaji akikataa, asante, duka la pili liko hatua chache.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Likoni: Salaam maalim. Nina i5 kizazi cha 8, kuna kaka ananibadilishia na i7 kizazi cha 6, niongeze elfu tano. Anasema i7 ndiyo ya kuhariri. Nikubali?

Jibu: Waleikum salaam mdogo wangu. Usikubali, hata bila hiyo elfu tano. Kwa mfano, kwenye laptopu nyembamba, i7-6600U ina viini viwili. i5-8250U ina vinne. Yako pia inafungua HEVC ya biti 10, yake haifungui, na yako inakubali Windows 11. Herufi i7 peke yake haisemi lolote; soma namba inayofuata. Kwenye Intel za miaka hiyo, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi. Huyo kaka anajua anachokifanya.

Kutoka Tudor: Niko mwaka wa pili. RAM 4, diski ya sahani GB 500, i5 kizazi cha 7. Nina elfu kumi tu mpaka muhula ujao. Nianze na RAM au SSD?

Jibu: SSD, dadangu, hata ikiwa ya GB 256. Windows na mradi unaoufanyia kazi viwe humo. Ile ya sahani usiitupe: nunua kasha la USB, iwe ghala la kazi zilizokwisha. Kama chenji itabaki, tafuta kipande kimoja cha GB 4 au 8 cha mtumba, ukisoma kwanza kibandiko. Na kabla fundi hajagusa chochote, nakili kazi zako za darasa mahali pengine. Wewe mwenyewe, usimwachie fundi. Windows 11 kwa kizazi cha 7 haiji rasmi, kwa hiyo usiweke pesa nyingi zaidi ya hapo kwenye mashine hiyo. SSD utahama nayo.

Kutoka Tudor tena: Shukran sana. Programu je? Nilikuwa nataka Resolve.

Jibu: Resolve ya bure ni nzuri mno, na inatoa video mpaka Ultra HD, lakini inategemea sana kadi ya picha, na wenyewe wanataka RAM 16. Kwa mashine yako anza na Shotcut au Kdenlive. Ukata ni ule ule.

Kutoka Mtwapa: Mimi sikubaliani na hili la proksi. Nilikuwa na saa tatu za picha za arusi, kutengeneza proksi kukachukua karibu usiku mzima. Bora nikose usingizi nikihariri.

Jibu: Una haki yako. Kwa klipu za saa tatu kwenye mashine ya viini viwili, proksi ni mzigo. Fanya hivi: tazama klipu kwanza kwenye kichezaji cha kawaida kama VLC, weka kando zile za miguu na dari, ambazo kwa arusi huwa nusu nzima. Tengeneza proksi za zilizobaki tu, kwa robo ya ukubwa, wala si nusu. Na kama mteja anataka kipande cha kurusha usiku uleule, usitengeneze proksi hata kidogo, rekodi H.264 ya 1080 tangu mwanzo na uhariri moja kwa moja. Lakini kama arusi ndizo zinakulisha, umeshatoka kwenye somo la mwanafunzi. Hesabu unalipwa kiasi gani kwa mwezi, kisha ununue mashine ya kazi.

Kutoka Kisauni: Chumba changu ni cha mabati, mchana hakukaliki. Laptopu inajizima nikitoa video. Ni RAM?

Jibu: Ni joto, bila kuitazama. Inapojizima kabisa badala ya kuganda, mara nyingi prosesa imefika kikomo na inajiokoa. Fundi aifungue, asafishe feni na zile pezi za kutolea joto, aweke pesti mpya kwenye prosesa. Ya zamani ikikauka haipitishi joto. Huku kwetu vumbi huchanganyika na unyevu na chumvi ya bahari, linashika kama tope, kupuliza kwa mdomo hakutoshi. Usiiweke juu ya godoro wala kanga, matundu ya hewa yako chini. Inyanyue kwa vitabu viwili pembeni, katikati wazi. Na video zitoe baada ya isha, siyo saa nane mchana. Kisha soma tena kasi ya CPU, unitumie ulichoona.

Kutoka Kisauni, siku iliyofuata: Fundi ametoa tonge la vumbi kama sufu. Sasa haijizimi. Ila kasi bado inashuka baada ya robo saa hivi.

Jibu: Kushuka kidogo ni kawaida, laptopu nyembamba nyingi prosesa yake imetengenezwa kwa wati 15 na haiwezi kukimbia mbio za mwanzo muda wote. Ikibaki juu ya "Base speed", iache.

Kutoka Nyali: Baba amekubali kuninunulia MacBook Air M1 ya mtumba, RAM 8. Inafaa au tungoje?

Jibu: Inafaa. Ina sehemu yake ya kufungua HEVC, hata ya biti 10, na haina feni ya kulia. Kutokuwa na feni kuna upande wa pili: kazi ndefu kwenye joto itaipunguza kasi. GB 8 zitakuwa 8 milele, na diski vilevile, kwa hiyo akiweza kupata ya 512 badala ya 256 amwambie muuzaji hiyo. Lakini msitoe pesa kabla ya mambo mawili. Muuzaji aifute kabisa mbele yenu, aiunganishe na intaneti na aiwashe mpaka mwisho. Ikidai nywila ya mtu mwingine, au ikisema inasimamiwa na kampuni fulani, mwachieni. Pili, tazameni idadi ya mizunguko ya betri. Apple wameipangia 1,000. Mkumbuke pia ina matundu mawili tu ya USB-C, bajeti iwe na kiunganishi cha kadi ya kamera.

Kutoka Changamwe: Kwa pesa ileile si bora kompyuta ya mezani?

Jibu: Kwa nguvu, ndiyo, na inapoa vizuri zaidi, na unaweza kuiwekea kadi ya picha baadaye. Kama unakaa nyumbani na unahariri mahali pamoja, inunue. Kama uko hosteli, au unahama chumba kila muhula, au stima kwenu ni ya kubahatisha, hapana. Umeme ukikatika katikati ya kutoa video, laptopu itakushikilia. Ya mezani itahitaji UPS, yaani betri ya akiba, nayo ni bei nyingine.

Kutoka Bamburi: Mimi nahariri kwa CapCut kwenye simu, video za dakika moja. Nahitaji laptopu kweli?

Jibu: Huhitaji. Ukianza kuhangaika na klipu nyingi au sauti za maikrofoni mbili, rudi tuongee.

Kutoka Mji wa Kale: Maalim, nimerekodi nikah kwa simu. Mwanzoni sawa, lakini ikifika dakika ya ishirini maneno ya shekhe yanatangulia midomo yake. Laptopu imechoka?

Jibu: Laptopu haina hatia, kakangu. Simu nyingi hubadilisha idadi ya fremu kwa sekunde zenyewe, mwanga ukipungua zinapunguza, na programu nyingi za kuhariri zinahesabu kana kwamba idadi ni moja tu tangu mwanzo. Tofauti inajijenga kidogokidogo, ndiyo maana huioni mwanzoni. Pakua HandBrake, ni bure. Ingiza faili, nenda ukurasa wa Video, chagua H.264, kwenye fremu andika 30 na uweke alama kwenye "Constant Framerate". Ubora uweke 18 hivi, namba ikiwa ndogo picha inakuwa safi zaidi na faili kubwa zaidi. Ikimaliza, ondoa ile ya zamani kwenye mradi uweke hii. Na mara nyingine, kabla ya nikah kuanza, funga fremu kuwa 30 kwenye mipangilio ya simu kama inakuruhusu, na urekodi sauti kwa simu ya pili iliyolazwa karibu na shekhe.